Enda kwa Kihaya ni Tumbo

Watu wanaonitambua pale stendi ya Bukoba huwa na swali moja: nilimpiga nani na nilimpigaje. Mtu mzima, ameshika begi la safari, anakunja ngumi na kunirushia hewani huku anacheka. Nami huwaridhisha. Nawasimulia yule wa Shinyanga aliyezunguka kama mlevi kabla ya kukaa chini, wanafurahi, wanapanda basi lao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za walionipiga mimi, na hao ndio wengi. Mimi sasa nina hamu ya kusimulia hao tu, kwa sababu kila jambo la maana katika maisha yangu ya ngumi lilinitokea siku niliyoshindwa.

Kwanza nieleze habari za baba mdogo, maana bila yeye nisingepata hata wa kunipiga. Ni mdogo wake baba yangu, alikuwa mwanajeshi, na ngumi alijifunzia huko jeshini. Aliporudi alikaa Ijuganyondo kwenye kibanja chake, akalima migomba na kahawa kama watu wengine, na ndani ya ghala la kahawa akaning'iniza gunia alilolishindilia mchanga na vitambaa. Humo ndimo nilimokulia kingumi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa iliyolala ndani ya gunia, mabega yangu hupanda yenyewe kulinda kidevu.

Baba mdogo alikuwa na sheria moja, na hakuna promota wala mwamuzi aliyeweza kumtoa hapo: kwenye kona yake hakisemwi Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya wote, alisema, na adui ni mmoja wa hao wote. Kwa hiyo maelekezo yote alinipa kwa Kihaya. Kichwa alikiita omutwe. Tumbo aliliita enda, kwa kuwa ndivyo lilivyo, enda kwa Kihaya ni tumbo. Hilo la pili ndilo lilikuwa silaha yetu. Fikiria uko ulingoni Mwanza, na kutoka kona ya mpinzani wako mzee mmoja anapaza sauti, "Enda! Enda!" Umesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, kwa hiyo unajua mzee anamsukuma mtu wake aje mbele, na wewe unainua mikono kukinga uso. Mimi huku nimeshaambiwa tumbo. Mapambano yangu ya mwanzo katika ngumi za kulipwa niliyashinda karibu yote kwa neno hilo moja. Wenzetu wa kona ya pili walikuwa wakituteta kwamba Wahaya, na usomi wao wote wanaojisifia, wameleta kocha mwenye msamiati wa neno moja.

Tungeweza kufika mbali. Lakini Wahaya tumetapakaa nchi nzima, na hilo baba mdogo hakulifikiria.

Tulikuwa Dar es Salaam, katika ukumbi uliojaa watu na joto. Nilikuwa naongoza. Kumbe kati ya watazamaji alikuwepo mama mmoja wa kwetu, mwenye biashara ya kupokea ndizi zinazoshuka na malori kutoka huku. Hakuwa mpenzi wa ngumi, aliletwa tu na mpangaji wake. Aliposikia mzee anaongea Kihaya mbele ya umati, akili zilimruka kwa furaha. Alipanda juu ya kiti, akaanza kuwatafsiria majirani zake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja: enda ni tumbo, omutwe ni kichwa, huyo mzee ni wa kwetu kabisa. Ukumbi mzima ukalijua somo. Kila baba mdogo alipofungua mdomo, watu waliitikia kwa pamoja, "Tumbo!" Mpinzani wangu alishusha viwiko, akanisubiri kwa raha zake, akanipiga hapo juu nilipojiacha wazi. Niliamka nikiwa nimelala.

Baada ya pambano yule mama alikuja kwenye chumba cha kubadilishia nguo na machozi yake ya furaha. Alitukumbatia wote wawili. Alitaka kujua sisi ni wa nani, wa parokia ipi, na kama fulani bado yu hai. Baba mdogo alikuwa amepanga kumtolea maneno makali, nilimwona anavyovuta pumzi. Lakini mama alipiga goti kidogo na kumwuliza kwa Kihaya ameshindaje, na mzee wa watu angefanya nini? Alimjibu kwa adabu zote. Kesho yake tulikula kwake matoke yaliyopikwa na maharage, na mpaka leo hajui kwamba yeye ndiye aliyenipiga.

Tuliporudi kwa basi, njia yote ile ndefu, niligundua kitu ambacho niliona haya kukisema. Nilikuwa nimepumua. Kuanzia siku ya kutia saini mpaka siku ya kupanda ulingoni, bondia hubeba kitu tumboni ambacho hata chakula hakipiti vizuri, na ukishinda hukishushi, kwa sababu siku hiyohiyo watu wanaanza kukutajia mtu mwingine. Ukishindwa, kinashuka chote. Nililala kwenye kile kiti cha basi kama mtoto aliyenyonya.

Habari ya tumbo ikasambaa kwa mabondia, na silaha yetu ikaisha makali. Tuliendelea, lakini sasa nikawa bondia wa aina nyingine, yule ambaye mapromota humpigia simu wakati mtu mwingine amekwishajitoa. Wanakuita kwa sababu unajulikana husimami vibaya, unawapa watu raha ya kutazama, halafu mwisho wa yote unapigwa. Nilipigwa Arusha kwenye baridi. Nilipigwa Tanga na mtu aliyekuwa akiniomba radhi chini chini kila akinipiga. Nilipigwa Dodoma kwa pointi, na hiyo mpaka leo nasema niliibiwa, ila sina ushahidi. Na kila nilikopigwa sikukosa mtu wa kunishika bega na kuniambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo niliichukia kuliko ngumi zenyewe. Aliyeitunga, nilijisemea, hakuwahi kupigwa ini.

Kila nikishindwa nilipitia kwanza Muleba kwa wazazi wangu. Kwetu mtu akitoka mbali haulizwi habari akiwa bado amesimama. Anakaribishwa aketi, analetewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake na kuanikwa ikakauka, na ni baada ya kuitafuna ndipo mazungumzo yanaanza. Tata, yaani baba yangu, aliitunza kahawa hiyo kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko alichosukiwa na mama. Nilipokwenda kwake nikiwa nimeshinda, hakukigusa. Alinisalimu kama mtu aliyetoka gulioni, akaendelea na shughuli zake. Nilipokwenda na jicho lililovimba, alifunua kikapu, akanihesabu kuwa mgeni aliyetoka mbali. Hakuwahi kueleza kwa nini. Mimi nilielewa hivi: huyu mzee hanipendi nikiwa mshindi.

Mara moja tu ndipo aliposema lake. Nilikuwa nimetoka Dodoma, namweleza nilivyoibiwa, naye akatafuna taratibu mpaka nikamaliza.

"Wewe umekiuza kichwa chako butura," alisema.

Mkulima wa kahawa wa Muleba hahitaji kuelezwa butura. Ni ile hali ya mtu mwenye shida kuuza kahawa yake ikiwa bado ua kwenye mti, kwa bei ya kutupa, halafu ikiiva anaivuna na kumkabidhi mnunuzi. Unaipalilia, unaichuma, na si yako; chako ni mti tu. Nilicheka, kwa kuwa nilidhani mzee anafanya utani. Mama hakucheka.

Katikati ya safari hizo nilioa. Mke wangu ni Mnyaturu wa Singida, aliletwa na kazi ya ualimu kwenye shule moja ya msingi kule Buhembe. Tulikutana kwenye harusi ya watu wengine, mvua ikatufungia chini ya turubai moja, na tukazungumza mpaka watu wakaanza kukunja viti. Ndiyo maana nasema nilimpata kwa Kiswahili. Yeye hakujua Kihaya zaidi ya salamu na majina ya vyakula, mimi sikujua hata salamu ya Kinyaturu. Tulipanga nyumba Bilele, na ndani ya nyumba hiyo lugha ilikuwa moja. Kwa Kiswahili tuligombana, kwa Kiswahili tukapatana, na kwa Kiswahili ananitania mpaka leo kwamba aliolewa na mtu ambaye kazi yake ni kupigwa na wanaume wenzake hadharani.

Siku moja mezani nilitaka chumvi. Niliiona iko pale, upande wake, na nilinyoosha mkono nikasema nipe, kisha neno likagoma. Nikasema, "Nipe omwonyo." Alicheka, akanipa, akalirudia neno. Alidhani nimeamua kumfundisha Kihaya, jambo alilokuwa ameniomba kwa muda mrefu. Kila siku ikawa na neno lake jipya, naye akawa analipokea kwa furaha na kulipeleka kwa majirani, na majirani wakamsifu kwamba mumewe anampenda kweli. Mimi nilinyamaza. Sikuwa nafundisha. Maneno ya Kiswahili yalikuwa yananiponyoka kama sabuni bafuni, na nilichoweza kukamata mahali pake kilikuwa Kihaya.

Mambo yalimfungukia siku ya mvua. Sisi wa Bukoba mvua ni mwenzetu, inaweza kukugongea bati wakati wowote bila hodi. Ilianza, nami nikasimama mlangoni nikitaka kumwambia kwamba inanyesha. Nilisema enjura. Akaniambia tulishajifunza hilo, sasa sema la Kiswahili. Nikakaa nikalitafuta. Niliiangalia yenyewe inavyodondoka toka kwenye bati, nikaisikia, nikaloa nayo mkono, na jina lake halikuwepo kichwani. Mke wangu aliweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, anazijua sura za mtoto anayejua na asiyejua. Alichukua kijiko akakiinua mbele yangu. Akachukua kiatu. Akashika sikio lake. Vingine nilivitaja, vingine sikuvitaja, na hasira zikanipanda kwa kufanywa mwanafunzi nyumbani kwangu, nikatoka na kutembea kwa mguu mpaka Ijuganyondo.

Kule kwa baba mdogo nilikaa, tukazungumza habari za migomba inayonyauka, na kila neno lilikuja bila shida. Hapo ndipo nilipoelewa tatizo lilivyojificha. Baba mdogo, tata, mama, ndugu zangu wote, mimi na wao tulizungumza Kihaya siku zote, na Kihaya changu hakikuwa na tone la ugonjwa. Kwao nilikuwa mzima. Mtu pekee aliyeweza kuniona naugua alikuwa yule ambaye nilimpata kwa lugha ya pili.

Daktari aliyenipima, kule Mwanza, alikuwa mpole na hakuzungusha maneno. Alieleza kwamba ubongo unapotikiswa mara kwa mara huanza kupoteza maneno, na kwa watu wengine kinachotangulia kuondoka ni kile kilichoingia mwisho. Nikiacha sasa, huenda yakarudi. Nikiendelea, hawezi kuniahidi kitu, wala hawezi kuniahidi kwamba Kihaya nacho kitabaki. Mke wangu alimshukuru kwa niaba yetu sote wawili. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nimeshakubali pambano.

Na halikuwa pambano la Dar wala Tanga. Lilikuwa Muleba, kwetu, uwanjani, mchana wa Jumapili baada ya ibada. Maisha yangu yote ya ngumi, tata hakuwahi kuniona nikipigana. Nilitaka nishinde mbele ya macho yake, halafu twende nyumbani, nione kama atakifunua kile kikapu au hatakifunua. Nikisema hivi leo inasikika kama jambo dogo, kahawa ya kutafuna ni kitu gani? Lakini ndilo nililolitaka, na sikutaka kingine.

Nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hapa Bukoba sina ndugu," alisema. "Nina wewe na Kiswahili chetu. Ukikipoteza, unaniacha na nani?"

Nilimwambia ni hili tu, la mwisho. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaingia jikoni. Baadaye alitoka akaniambia atakuja Muleba, na atakaa pale kwenye kona. Hakuwahi kuja kunitazama hata siku moja kabla ya hapo.

Alijaribu kumweleza baba mdogo. Mzee hakumwelewa kabisa, na kwa kweli sikumlaumu. Alimwuliza, kusahau Kiswahili nako ni ugonjwa? Mbona huko Muleba kuna wazee chungu nzima hawakijui, na wanachimba mashimo ya migomba na kubeba mikungu kichwani? Kijana anaongea vizuri, anakula vizuri, anapiga gunia vizuri. Alihitimisha kwamba walimu wana tabia ya kuona kila asiyejua Kiswahili kuwa ni mgonjwa.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Ulingo ulijengwa kwa mbao na mapipa, kamba zikafungwa, na wazee wakaletewa viti vya kanisani. Tata alikaa mstari wa mbele na koti lake la ibada. Mpinzani wangu alitoka Mwanza, kijana imara, mwenye heshima zake. Baba mdogo alipopaza sauti ya kwanza, "Enda!", uwanja mzima wa Muleba ulimwitikia, maana pale hapakuwa na asiyejua. Wamama, wazee, waliotoka kwaya na majoho yao mkononi, wote wanaimba enda, enda. Siri yetu ya zamani ilikuwa imekuwa wimbo wa kijiji. Yule kijana wa Mwanza alidhani umati unamfukuza aende kwao. Alikasirika, akaja mbele bila mpangilio, nami nikampiga tumboni mpaka akapinda. Kwa muda ule nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilitupa jicho kwa tata nikaona ameegemea mbele.

Kisha mkono wa kulia wa yule kijana ukanikuta sikioni. Sikuanguka. Uwanja ukawa unaimba kwa mbali, kama redio ya jirani, na kengele ilipolia nilijikuta nimekaa kwenye kona bila kujua nilivyofika. Baba mdogo akaniuliza kwa Kihaya kama naona vizuri. Nikamjibu kwa Kihaya kwamba naona vizuri. Akaniuliza kama nina nguvu. Nikamjibu ninazo. Akageuka kuchukua sponji.

Mke wangu alikuwa ameshika kamba ya chini kwa mikono miwili.

"Muulize kwa Kiswahili, baba," alisema.

Mzee alimtazama. Katika kona yake, mbele ya watu, mwanamke anamwambia avunje sheria yake. Niliona anataka kukataa. Halafu sijui aliona nini usoni kwa yule binti, akainama, akachota maji kwenye ndoo kwa kiganja na kuyaleta mbele ya macho yangu.

"Hii nini?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kigumu, na sikuwahi kukisikia kikitoka mahali pale.

"Amaizi," nikasema.

"Kwa Kiswahili."

Nilitazama kile kiganja. Yalikuwa yanavuja kati ya vidole vyake. Mtoto wa Kiswahili akianza kusema, hilo ni miongoni mwa maneno yake ya mwanzo kabisa, na kwa Kihaya ni karibu neno lilelile, ukiligeuza kidogo tu unalipata. Nilijua ninaulizwa kitu chepesi. Nilijua mke wangu anasubiri. Nililitafuta kila mahali, na nilichokipata kilikuwa amaizi tena.

Baba mdogo aliyaacha yale maji yamwagike. Alichukua taulo kutoka begani kwangu, akalirusha katikati ya ulingo, tena kwa nguvu, kama mtu anayefukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Akamwita mwamuzi na kumwambia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya wazee, kwamba mtoto wake hapigani tena. Kisha alinishika shingo, paji lake la uso likagusa langu.

"Enda," akaniambia. "Enda nyumbani na mke wako."

Safari hii hakumaanisha tumbo.

Wapo waliozomea. Wapo waliosema tumeuza pambano, maana nilikuwa naongoza. Mimi nilikaa kwenye kile kistuli na kitu kikaanza kunishuka, kile kitu cha tumboni, lakini hakikushuka kama siku nyingine ambapo najua kesho kitarudi. Kilishuka chote na mizizi yake. Nililia, na haikuwa kwa uchungu. Mpinzani wangu alikuja akaniinua mkono, na mzee mmoja akanishika bega, akaanza kuniambia asiyekubali kushindwa. Nikamkatiza nikamwambia nimekubali.

Nyumbani tata alinionyesha kiti. Alifunua kikapu, akanimiminia kahawa kiganjani, nyingi kuliko siku zote, kisha akampa mke wangu naye, ambaye hakuwahi kuizoea na aliitafuna huku amefumba jicho moja. Nilimsubiri aseme jambo kuhusu butura. Alitema ganda, akatazama nje kwenye kibanja.

"Mti upo," alisema.

Mama akaleta chakula, na nilikula kuliko watu wote.

Maneno hayakurudi kwa utaratibu. Nilidhani yataanza madogo kisha makubwa, kumbe yalikuja yanavyotaka. Neno mahakama lilirudi kabla ya kijiko. Kuna asubuhi niliamka na neno mshumaa, nikaenda nalo hadi kazini. Kazi yenyewe ni ileile ya ghalani kwa baba mdogo, nafundisha vijana, na mzee amebadilisha sheria yake. Siku hizi hakuna anayevaa glovu kabla ya kutaja vitu kwa Kiswahili. Wanasimama mstari, mzee anapita ameshika jembe, au ndizi, au kofia yake, na anayesita haruhusiwi kupigana siku hiyo. Vijana wanaona ni uzee. Mimi huwa wa kwanza kwenye mstari, na nikishayataja yote nasikia raha ambayo mkanda wa ubingwa usingenipa, ingawa sikuwahi kuupata nikalinganisha.

Lakini lile moja lilikataa. Kila iliponyesha mke wangu alinitazama mara moja, haraka, kisha akatazama pembeni ili nisijisikie vibaya. Hakuniuliza. Nami nilijifunza kuzunguka: nilisema hali ya hewa imeharibika, nilisema kumekuwa na baridi, nilisema leo hatutoki.

Ilikuwa mchana wa kawaida tu, Jumamosi. Alikuwa amefua shuka zote za nyumba na sare zangu za mazoezi, akaanika uani, akakaa kwa jirani kusukwa nywele. Nilikuwa ndani natengeneza mguu wa meza, nina misumari mdomoni. Nikasikia tone la kwanza kwenye bati, kisha la pili, na nikatema misumari.

"Mvua!" nikapiga kelele dirishani. "Anua nguo!"

Nikaendelea kutafuta msumari wangu mmoja uliokuwa umeingia chini ya kabati. Kwa muda sikusikia mtu kukimbia, sikusikia kamba kutikiswa, nikakasirika kidogo, nikatoka kwenda kuona anafanya nini. Alikuwa amesimama katikati ya ua, nusu ya kichwa imesukwa na nusu haijasukwa, amelowa mpaka kwenye kope. Shuka zote zilikuwa bado kwenye kamba, zinachuruzika maji. Hakugusa hata moja.

"Umesemaje?" akaniuliza.

Ndipo nami nikasikia nilichokisema. Nikakirudia, kisha akaniambia nikirudie tena, nikakirudia mpaka jirani akatoka na kitana chake kuuliza kuna nini. Shuka tulizifua upya siku iliyofuata, mimi na yeye.